Kigingi cha Sitini na Saba

1

Siwatu Mbonde alifika kituo cha sitini na saba saa tatu asubuhi, viatu vimejaa mchanga, kamera begani, mfuko wa picha mama mgongoni. Ulikuwa mwaka wake wa pili kuifanya kazi hii peke yake. Vituo vilikuwa mia moja na kumi na viwili, vimejipanga kando ya Mto Rufiji tangu pale maji yanapotoka milimani hadi yanapoanza kuonja chumvi, na kila kituo kilikuwa na kigingi cha chuma kilichopigiliwa ardhini. Kuieleza kazi yenyewe ni rahisi. Unasimama juu ya kigingi, unaielekeza kamera kule ilikoelekezwa mara ya kwanza, tarehe ileile, saa ileile, unapiga. Picha ya kwanza ya kila kituo ilipigwa na mpima ardhi mmoja, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hiyo ndiyo waliyoiita picha mama. Zilizofuata walizihesabu kuwa watoto wake.

Picha zote zilikwenda kwa Mpimaji. Mpimaji ulikuwa mtambo uliokaa katika chumba cha baridi kwenye Ofisi ya Ramani mjini, lakini watu wa bondeni walimtaja kama mtu. Kila Desemba alizipanga picha za kila kituo, mama na watoto, akasoma ukingo umeliwa kiasi gani, matete yamehamia wapi, mchanga umeota miti ama umebaki mtupu, kisha akachora Ramani ya Kesho, yenye Mstari unaoonyesha mto utafika wapi. Ndani ya Mstari wake, ardhi ilikuwa mali ya mto, na binadamu hakuruhusiwa kulala humo. Tangu sheria hiyo ipite, miaka thelathini na mitatu, hakuna aliyekufa maji akiwa kitandani kwake. Kabla ya hapo walikuwa wakihesabiwa kwa mamia.

Siku za mafunzo Siwatu aliwahi kuuliza kwa nini wasitumie macho ya angani. Mwalimu wake, Bibi Somoe Ngulangwa, aliyeifanya kazi hii miaka arobaini na mmoja, alimtazama kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi. "Kutoka juu unaona matete," alisema. "Huuoni ukingo ulioliwa chini ya matete. Na huyu Mpimaji hakufundishwa na angani, amefundishwa na mtu aliyesimama. Ukisogea hatua moja hapa, kwake ni mto uliosogea hatua arobaini kule."

Kituo cha sitini na saba kilitazamana na kijiji cha Nyamkuyu, nyumba mia mbili zilizokaa nyuma ya msitu wa mikuyu. Siwatu alikipenda kuliko vyote. Katika picha mama ukingo ule ulikuwa udongo mweupe mtupu, umekatika wima. Sasa mikuyu ilikuwa imeshikana mabega, mizizi imeshuka hadi majini kama vidole, tumbili wanarukiana, na chini yake maji yalipita taratibu kana kwamba yanaogopa kuamsha mtu.

Mwaka ule mto ulikuwa umeshuka kuliko mwaka wowote aliowahi kuuona. Alipofungua kamera, aliona kitu kipya kwenye tope upande wake: jiwe lililopasuka katikati kama kwato ya ng'ombe. Alicheka peke yake kwa furaha. Alilijua. Lilikuwamo kwenye picha mama, pembeni chini. Kwenye daftari la kituo Bibi Somoe alikuwa ameandika, miaka ishirini na saba nyuma: *Jiwe limefukiwa na tope. Alama mpya ni mkuyu mkubwa.* Na sasa mto wenyewe ulikuwa umelisafisha.

Akaitoa picha mama, akainyanyua usawa wa macho kama alivyofundishwa. Katika picha, ncha ya jiwe iligusa pale kilima cha mbali kinapobonyea katikati. Akatazama mbele. Ncha ya jiwe ilikuwa mbali kabisa na mbonyeo, upande wa kulia.

Labda jiwe limebingirika. Alishuka akaligusa. Lilikuwa mwamba uliotoka chini ya ardhi, kubwa kuliko nyumba. Lisingebingirika hata kwa tetemeko. Akarudi kwenye kigingi. Akasogea hatua moja mbele na kulia, akatazama. Akasogea tena. Kila hatua jiwe lilitambaa kuelekea kwenye mbonyeo wa kilima. Kwenye hatua ya kumi na moja lilitua pale pale, na kila kitu kwenye picha mama kikaingia mahali pake kama mlango kwenye fremu.

Kigingi kilikuwa nyuma yake, hatua kumi na moja.

Siwatu alisimama pale mpaka jua likamchoma shingo. Kisha akarudi kwenye kigingi, akapiga picha kama desturi, akaitazama kwenye kishikwambi. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya neno *Tuma*. Akituma, Mpimaji angejibu *Imepokelewa* kama alivyojibu mwaka jana na miaka yote kabla, na mto ungepanda, na jiwe lingefukiwa tena.

Hakutuma.

2

Hakulala vizuri, na asubuhi aliendelea kushuka na mto, kwa sababu kazi ilikuwa na tarehe zake. Kichwani alikuwa akikokotoa. Kabla kigingi hakijahamishwa, picha za kituo cha sitini na saba zilionyesha ukingo wa Nyamkuyu ukiliwa kila mwaka. Kisha ghafla, kwa hatua kumi na moja za mguu wa mtu, ukingo ulionekana umerudi mahali pake pa zamani na kutulia. Mpimaji aliona udongo mweupe, kona ya nje, mti hakuna, na mto umeacha kula. Naye Mpimaji hajui mto. Anajua picha. Alichokiona Nyamkuyu alikiamini, na alichokiamini alikipeleka kila penye udongo wa namna ile.

Kituo cha sabini na moja kilikuwa kitongoji cha Ruhimbi. Udongo mweupe. Kona ya nje. Hakuna mti.

"Karibu, mpiga picha!" Mwenyekiti wa kitongoji, Mwanahawa Mketo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alikuwa shambani akivuna mahindi ya mlao, yale yanayopandwa tope likianza kukauka baada ya mafuriko. "Njoo uone ardhi ya watu wenye bahati. Ramani ya Kesho imetupa miaka ishirini mingine. Shule tumeisogeza karibu na maji, watoto wasichoke kuchota."

"Mmeisogeza lini, Mama?"

"Mwaka juzi. Ramani imesema salama, kwa nini tukae mbali na riziki?"

Siwatu alipiga picha yake, kisha akaomba kutembea ukingoni. Hatua thelathini kutoka ukuta wa shule aliona ufa. Haukuwa mpana; mkono ungeingia. Lakini ulikuwa mrefu, umejipinda sambamba na mto, na alipochutama akatia sikio aliusikia mto ukifanya kazi chini yake, mahali ambapo mto haukupaswa kuwa.

"Huo ni wa ukame tu," Mwanahawa alisema nyuma yake. "Mvua ikija unajifunga."

Siwatu alijipangusa udongo sikioni. Angemwambia nini? Akisema ukweli wote, sheria ilikuwa wazi: kituo kilichochezewa, ardhi yake yote inaingia ndani ya Mstari kwa miaka kumi. Nyumba mia mbili za Nyamkuyu zingehama. Na jina la aliyekichezea lingesomwa hadharani. Akinyamaza, Ruhimbi wangelala juu ya ufa.

Na kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna mtu mwingine aliyekigusa kile kigingi ila yeye na Bibi Somoe.

3

Bibi Somoe aliishi mjini, nyumba ya vyumba viwili iliyojaa ramani. Siwatu alimkuta jikoni akichambua mchele kwenye ungo, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeacha njia? Leo ungekuwa themanini." Hakuinua macho. "Nasikia mto umeshuka."

"Umeshuka, Bibi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye jiwe."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya mchele. Nje mtu alikuwa akipiga honi ya baiskeli. Kisha akauweka ungo chini, polepole, akajifuta vidole kwenye kanga.

"Hatua ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja na robo," Bibi Somoe alisema. "Hukupima vizuri."

Siwatu, ambaye njia nzima alikuwa ameyapanga maneno makali, alijikuta anakaa kwenye kibao na machozi yanamtoka. Alikuwa amempenda huyu mwanamke kwa sababu hajawahi kumsikia akisema *takriban*.

"Kwa nini, Bibi?"

"Wale wanawake wa Nyamkuyu." Bibi alivua miwani. "Walianza kupanda nikiwaona. Kila kiangazi nikifika, nawakuta wamebeba vijiti vya mikuyu vichwani, wanavishindilia ukingoni, mto unavila, wanarudi tena. Mwaka wa tatu vilishika. Mimi nilikuwa nimeshatazama mto miaka kumi na minne, nilijua vitashika. Lakini mwaka uleule Mpimaji akawaingiza ndani ya Mstari. Picha haioni kijiti, mwanangu. Kijiti chembamba kwenye picha ni udongo. Nikaiandikia ofisi barua, nikawaambia pale kuna miti, wangojeeni miaka mitano tu. Wakanijibu mstari mmoja. *Mpimaji hapokei maoni, anapokea picha.*" Aliivaa tena miwani. "Basi nikampa picha."

"Na ilikuwa kweli. Miti imeshika."

"Imeshika. Sijapata kujuta hata siku moja."

"Na Ruhimbi je?"

"Ruhimbi kuna nini?"

Siwatu akamweleza. Udongo mweupe, kona ya nje, shule, ufa, sauti ya maji chini ya ardhi. Alieleza jinsi mtambo ulivyojifunza kwamba ukingo mtupu hutulia wenyewe, kwa sababu ndivyo ulivyoonyeshwa. Aliona uso wa bibi ukibadilika, si kwa hofu ya kukamatwa, bali kama fundi aliyeonyeshwa nyumba yake imepinda.

"Mimi nilidhani nimesogeza kigingi kimoja," alisema hatimaye.

"Bibi, ninaweza kusema jiwe ndilo lililonichanganya. Ninaweza kusema kigingi kilisukumwa na kiboko. Nitafute njia..."

"Usinitafutie njia." Aliinuka, magoti yakimlalamikia, akaingia chumbani. Alirudi akiburuta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na bahasha ishirini na sita, kila moja na mwaka wake. "Kila mwaka nilipiga mbili. Ya kigingi nikaipeleka, ya mahali penyewe nikaiweka humu. Tarehe ileile, saa ileile. Sikuweza kuacha. Nilijaribu mwaka wa kwanza, nikafika nyumbani nikashindwa kula." Akamkabidhi. "Ya mwaka jana haimo. Mwaka jana ulikuwa wako. Ngoja nibadili gauni, twende kwa wakubwa."

4

Dakta Kihwele, mkuu wa Ofisi ya Ramani, alikuwa mtu wa maneno machache na mashati yaliyonyooshwa. Naye alikuwa amefundishwa na Bibi Somoe, zamani, kabla hajapanda ngazi. Alizipanga bahasha juu ya meza kwa mpangilio wa miaka na akakaa akizitazama bila kuzifungua.

"Sheria unaijua, Bibi."

"Niliisaidia kuiandika."

"Nikizitupa picha zako za sitini na saba, Mpimaji anabaki na shimo. Na si la kituo kile tu. Alichojifunza pale amekitumia bonde zima. Mwaka huu sitakuwa na ramani ya kutoa. Watu laki mbili hawatajua walale wapi." Aligusa bahasha ya juu. "Nikizipokea hizi, kituo hakihesabiki tena kuwa kimechezewa, Nyamkuyu haiingizwi ndani ya Mstari kwa sheria ile, naye Mpimaji anajifunza upya, na anajifunza kitu ambacho hajawahi kukijua, kwamba mizizi inaweza kuuzuia mto. Lakini mtu aliyedanganya mara moja, nitajuaje kwamba hizi si uongo wa pili?"

"Hutajua," Bibi Somoe alisema. "Hiyo ndiyo adhabu yangu, na nyinyi mmeingizwa ndani yake. Naomba radhi."

Siwatu alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Nipe vituo vyote, Dakta. Nivikague vyote mia moja na kumi na viwili, kimoja kimoja, kwa picha mama. Kama alikuwa mtu wa kuchezea, atakuwa amechezea kwingine. Kama kwingine kote hakugusa, utajua ni mtu wa namna gani."

"Vuli inaanza baada ya siku arobaini."

"Nitatembea haraka."

Kihwele alimtazama, kisha akamtazama mwalimu wake wa zamani, ambaye alikuwa akiangalia mikono yake. "Kituo kimoja tu kikipotoka zaidi ya upana wa kiganja," alisema, "nazitupa zote."

5

Alianza milimani. Kituo cha kwanza kilikuwa juu ya mwamba unaotetemeka kwa ngurumo ya maji, na hakikupotoka hata upana wa kidole. Cha pili vilevile. Cha tisa ilibidi akifikie kwa kamba. Siku ya sita alianza kuelewa alichokuwa anakiona.

Alikuwa amezoea kuvitazama vituo kama mahali pa kufanyia kazi. Sasa alivitazama kama kazi yenyewe. Kwenye kituo cha kumi na tisa mto ulikuwa umekula mahali pa kigingi kabisa, pamebaki hewa. Bibi Somoe alikuwa amejenga dungu la magogo kutoka ukingoni, mfano wa yale watu wanayokaa kulinda mpunga, refu kiasi kwamba ukisimama kwenye ncha yake, juu ya maji, uko pale pale aliposimama mpima ardhi wa kwanza. Kwenye cha thelathini na mbili alikuta jiwe bapa lililochongwa nyayo mbili. Mpima ardhi yule alikuwa mrefu na Bibi Somoe ni mfupi, kwa hiyo kila mahali ambapo ardhi ilikubali, alikuwa ameinua ardhi. Kwingine alikuwa akibeba kigoda kichwani, maili kwa maili, miaka arobaini na mmoja, ili jicho lake lifike palipokuwa jicho la mtu mwingine.

Siwatu alivipima vyote. Aliandika: upana wa kidole. Nusu kidole. Sawasawa. Sawasawa.

Siku ya thelathini na moja, kwenye kituo cha tisini na tatu, alikutana na alichokuwa anakiogopa. Kigingi kilikuwa hatua nzima nje ya mahali pake. Alirudia mara tatu. Hatua nzima. Alikaa kwenye majani na kutazama viboko wakipumua majini. Basi ndiyo hivyo, aliwaza. Nimemwangusha kwa mikono yangu.

Hakujua kwa nini alichukua jembe dogo akaenda kuchimba pale ambapo kigingi kingepaswa kuwa. Labda alitaka tu kupiga kitu. Alichimba kina cha mkono, na chuma kikalia dhidi ya chuma.

Kilikuwa kigingi kingine, kimesimama wima, kimezikwa. Juu yake palikuwa na bati lililochongwa kwa msumari: *93 – cha chini. Cha juu kitasukumwa na kiboko.* Alipokichunguza kigingi cha juu aliona kimelala upande, na alama za meno.

Alirudi kwenye cha tisini na mbili, kilichokuwa karibu, akachimba. Kigingi cha chini. Cha tisini na moja, vilevile. Chini ya kila kigingi kilichoonekana Bibi Somoe alikuwa amezika kingine kisichoonekana, ili hata dunia nzima ikihama, mahali penyewe pabaki.

Siwatu alisimama, jembe mkononi. Kisha akaanza kupanda na mto, karibu kukimbia.

Alifika sitini na saba siku ya pili yake mchana. Hakwenda kwenye kigingi. Alihesabu hatua kumi na moja na robo, akapiga magoti, akachimba. Palikuwa na mizizi. Mkuyu mmoja ulikuwa umevuka upande huu wa mto, mbegu yake labda imeletwa na ndege, na sasa mizizi yake ilikuwa imejaa ardhini. Alichimba kwa vidole. Na humo ndani, kimekumbatiwa na mzizi mnene kama mkono wa mtu, mzizi uliokizunguka chuma mara mbili na kukibana hadi ganda lake likapokea umbo la chuma, akakikuta kigingi cha chini. Bibi alihamisha cha juu. Hiki hakuweza kukigusa.

Alipiga picha ya mzizi ule kutoka pande zote nne, kisha akateremka tena kumalizia vituo vilivyobaki.

"Mbona hukutuambia?" alimuuliza Bibi Somoe siku alipozileta ofisini.

"Ningesema, mngeniambia nimekwenda kukizika jana." Bibi alikuwa ameishika picha karibu na pua. "Sikujua kama mzizi umekishika," alisema kwa sauti ndogo. "Ona ulivyokishika."

Kihwele alisoma daftari lote la ukaguzi, kurasa mia moja na kumi na mbili. Alipomaliza alivua saa yake mkononi, akaiweka mezani, akaivaa tena. "Huu mzizi una zaidi ya miaka ishirini," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaifungua bahasha ya kwanza.

6

Ramani ya Kesho ilitoka Januari, mwezi mmoja baada ya muda wake. Kwa mara ya kwanza Mpimaji alikuwa amechora miti. Nyamkuyu ilibaki nje ya Mstari, isipokuwa nyumba kumi na mbili za chini, pasipopandwa kitu. Hizo zilihama, na wenyewe walilia. Ruhimbi yote iliingia ndani. Mwanahawa Mketo alisimama mbele ya watu wake na kumwambia Siwatu, usoni, kwamba amewaua kwa karatasi. Shule ilibomolewa bati kwa bati na kupelekwa juu, hatua elfu mbili kutoka majini.

Bibi Somoe jina lake lilisomwa hadharani, kama sheria ilivyotaka. Lilifutwa katika orodha ya wapiga picha, na akakatazwa kugusa kamera ya ofisi maisha yake yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Wiki iliyofuata wanawake watatu wa Nyamkuyu walikuja mjini kumchukua. Walikuwa wanakwenda Ruhimbi kupanda vijiti, na walitaka mtu anayejua mto utafika wapi.

Mafuriko yalikuja Aprili. Siwatu alifika kituo cha sabini na moja asubuhi, mvua imetoka kukatika, jua limefunguka. Juu ya mwinuko Mwanahawa alikuwa amesimama na nusu ya kitongoji, wametazama chini. Bibi Somoe alikuwapo, matope hadi magotini, amejifunga kanga kiunoni.

Mto haukupiga kelele kubwa. Ufa ule ulifunguka kwanza kama mtu anayeamka. Kisha ukingo wote, mahali palipokuwa na shule, mashamba, na mahame ya nyumba sitini, uliinama kwa pamoja, ukakaa kidogo, ukaingia majini. Maji yakafumba. Pale palipokuwa Ruhimbi palikuwa mto, na mto ulikuwa kana kwamba umekuwa hapo siku zote.

Mwanahawa Mketo alishuka mteremko, akapita mbele ya Siwatu bila kumtazama, akaenda kusimama karibu na Bibi Somoe, bega kwa bega. Hakumshukuru. Alisema tu, "Vijiti tuvianzie wapi sasa?"

"Ngoja maji yashuke," Bibi alijibu. "Nitakuonyesha."

Siwatu alikuwa ameshaitega kamera; tarehe ya kituo haikuwa hii, lakini ukingo mpya ulihitaji picha, na saa ya kituo ilikuwa inakaribia. Alitazama kwenye lenzi: maji, ukingo mpya mweupe, watu wote wakiwa hai juu ya mwinuko. Akajitoa nyuma. "Bibi," alisema. "Hii piga wewe. Hapa hakuna wa kukushtaki."

Bibi Somoe aliitazama kamera. Mkono wake wa kulia uliinuka kidogo, jinsi unavyoinuka wenyewe mkono uliofanya jambo moja miaka arobaini na mmoja. Kisha akaurudisha kwenye kanga.

"Hapana," alisema. "Kazi yako hiyo. Mimi nitakusomea saa." Akaivuta miwani, akainamia saa ya mkononi. "Saa nne na dakika kumi na moja. Bado. Shusha pumzi, unatikisika." Akangoja, mdomo umekazwa, jicho halibanduki kwenye mshale. "Kumi na mbili. Piga."